Visanduku vya Kunyoosha Ping

Wanzagi aliingia chumba cha gemu cha Danford, pale Nyasho, Musoma, kwa nia ya kuchaji simu tu. Nia nyingine zilimjia baadaye, kama kawaida yake.

Danford alikuwa anacheza mpira wa mtandaoni na mtu wa Mwanza, na nusu ya mtaa imejaa nyuma yake. Mshambuliaji wake alibaki yeye na kipa. Danford akabonyeza padi kwa nguvu zote za ukoo wake, na mshambuliaji akaganda. Akasimama mguu juu, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. Picha ilipozinduka, mpira ulikuwa wavuni. Wavu wa Danford.

"Inagandaga hivi kila jioni!" Danford alilia. "Mimi sifungwi na mtu. Nafungwa na mtandao!"

Watu walicheka. Wanzagi peke yake ndiye aliyevaa uso wa msiba.

"Ping yako inasoma ngapi?" aliuliza kwa sauti ya daktari.

"Sijui."

"Hujui ping yako, na unacheza na watu wa Mwanza!"

Neno hilo alikuwa amelifahamu wiki hiyohiyo, kwenye video ya jamaa mmoja anayejirekodi jikoni. Ping ni muda ambao ujumbe wa mchezaji unautumia kwenda kwenye seva na kurudi. Basi, elimu yake iliishia hapo, na hapo ndipo alipofungua kliniki.

"Sikiliza, kaka. Ukibonyeza shuti, ile amri inakatwakatwa pakiti. Zinatoka Musoma, zinapita Mwanza, Dar, zinaingia chini ya bahari, huko mpaka kwenye seva. Sasa pakiti yako ya shuti imeanguka njiani. Seva inakuona umesimama tu, kama mwizi wa kuku aliyemulikwa tochi."

"Ndiyo!" Danford alisema. "Ndivyo ninavyojisikiaga!"

Kesho yake Wanzagi alirudi na kisanduku cha plastiki cha mafundi umeme, chenye taa tatu na betri ndani. Waya wake uliingia kwenye ruta, lakini kwa upande wa kisanduku haukufungwa popote. Alikiita Nyoosha Njia.

"Kwanza kinatakiwa kijifunze njia," alitangaza. "Wote tokeni kwenye wifi ya hapa. Mwenye video, azime. Mwenye kupakua filamu, aache. Msikichanganye."

Wateja wakazima simu zao, na mtandao wa Danford, uliokuwa umebeba mtaa mzima mgongoni, ukapata kupumua. Gemu ikateleza. Danford akafunga mabao mpaka mtu wa Mwanza akazima mashine. Hakuna aliyejiuliza kama dawa ilikuwa kisanduku au ni zile simu kuzimwa.

"Na kikisumbua?" Danford aliuliza, mkono tayari mfukoni.

"Kikisumbua, ujue bado kinajifunza. Hivi vitu ni kama ng'ombe wa plau. Kipya kinatangatanga. Kilichokaa ndicho kinachoijua njia."

Sisi watu wa Mara tunasifiwa kwa ukali. Gusa ndama wetu, kijiji kizima kinaamka na marungu. Lakini mtu akija na taa tatu na maneno mawili ya Kiingereza, tunamvutia kiti na kumuuliza kama amekula. Nyasho walimpa Wanzagi ugali kwa sato, wakamwita injinia. Bunda, karibu na stendi, bwana mmoja aitwaye Mugeta alinunua visanduku kwa vyumba vyake vyote vya gemu, na kingine cha nyumbani, ili na redio nayo inyooke. Injinia akanunua pikipiki nyekundu, akaelekeza usukani Butiama.

Huko chumba cha gemu kilikuwa cha dada mmoja, Nyangi. Alikuwa amechoka kutukanwa na wateja kila gemu ikiganda, akajifunza kupima mwenyewe. Wanzagi alipofunga kisanduku na kufukuza simu zote, Nyangi akamkaribisha soda nje, kivulini.

Kisha akarudi ndani, akafungua kompyuta yake. Akatuma pakiti za majaribio mpaka kwenye ruta: zote zikarudi. Akatuma mpaka kwenye seva: zote zikarudi. Akachomoa kisanduku, akatuma tena: zote zikarudi vilevile. Akakirudisha, akawaruhusu wateja waendelee na video zao: pakiti zikaanza kupotea kama vifaranga kwenye nyasi, na kisanduku kikiwaka kwa raha zake.

Akampigia Mugeta, ambaye ni mjomba wake.

"Mjomba, kile kisanduku chako kinafanya kazi?"

Mugeta alifikiri kidogo. "Kinawakaga taa," alisema.

Waliongea kwa muda. Nyangi alipotoka nje, alikuwa na uso wa mtu aliyeokoka.

"Injinia, kitu kizuri. Ila mimi ni mdogo sana kwako. Unamjua mzee Clementi wa Nyamuswa? Anauza ng'ombe mpaka nje ya nchi. Sasa anafungua vyumba vya gemu, anatafuta visanduku hivihivi. Analipa mara tatu ya bei yako."

Wanzagi aliweka soda chini. "Nitamtengenezea hata leo!"

"Hapo ndipo penye shida. Hataki vipya. Si wewe umesema vipya vinatangatanga? Anataka vilivyokwisha kujifunza njia."

Wanzagi alijua ni uongo, maana ameutunga mwenyewe. Lakini uongo ule ulikuwa umemrudia umevaa suti, na yeye, kama watu wote wa Nyasho, akauvutia kiti.

Nyangi alipiga simu, akaweka sauti nje. Sauti nzito ya mzee ikatikisa benchi: "Alhamisi, mnadani Nyamuswa! Nakuja na pesa mkononi. Asiniletee vichanga!"

Hapo akili ya Wanzagi iliganda mguu juu. Alirudi Bunda mbio. Mugeta alikumbatia visanduku vyake kama wajukuu.

"Nikuuzie? Hivi? Hiki cha kushoto kimeshaijua njia mpaka Dar. Hiki kingine kinakwendaga na kurudi peke yake."

"Mzee wangu, taja bei."

Mugeta akataja. Wanzagi akalipa, mfuko ukabaki na vifungo tu. Alipofika Nyasho, Danford alishapigiwa simu kutoka Butiama. Alikaa mlangoni na kisanduku mapajani, akikipapasa.

"Nimekizoea, injinia. Sijui kama nitaweza. Labda kwa pikipiki."

"Pikipiki nzima?"

"Nimekizoea sana."

Wanzagi alimpa funguo. Alijiambia kwamba mwenye pesa za mzee Clementi hatapanda pikipiki tena, atanunua gari.

Alhamisi alikaa mnadani Nyamuswa na gunia lake la visanduku, shati limepigwa pasi. Ng'ombe wakaja, wakauzwa, wakaondoka. Wazee wenye sauti nzito walipita wengi, na kila mmoja alisalimiwa kwa heshima ya mkwe. Hakuna aliyeitwa Clementi. Jua lilipoanza kuinama alimpigia Nyangi.

"Dada, mzee hajafika."

"Hatafika, kaka. Yuko hapa, tunafanya mazoezi ya kwaya. Ndiye anayetuimbia besi. Hana hata mbuzi."

Wanzagi alikaa juu ya gunia. Kitu kimoja kilivunjika chini yake.

"Kumbe ulijua?"

"Nilipima."

"Si ungeniambia tu!"

"Ungeniuzia kitu kingine." Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Ruta nimeipangia: gemu inapita kwanza, video zinasubiri. Danford na mjomba nimewaelekeza. Hakuna anayeganda tena. Safari njema."

Wanzagi alibaki ameishika simu sikioni, asije akaonekana amekatiwa. Kisha cheko likamtoka, likakua mpaka machozi. Amezunguka mkoa mzima akiwatafuta wajinga, na kumbe mkubwa wao alikuwa yeye mwenyewe, akijibeba kwenye pikipiki, tena kwa mafuta ya kununua.

Mama mmoja muuza nyanya alisogea. "Mwanangu, unacheka na gunia? Hivyo ni nini?"

Uongo ulikuja mdomoni kwa mazoea, aina tatu nne kwa pamoja. Alipouangalia, ulikuwa umechoka kama yeye.

"Ni visanduku tu, mama. Havifanyi kitu. Vinawaka taa."

"Betri inakaaga?"

"Inakaa sana."

"Vifaranga vyangu vinakanyaganaga gizani. Nipe viwili."

Mwingine akaja, kwa ajili ya chooni. Mwingine akasema mkwe wake anaanguka ngazini. Vilikwenda kwa bei ya nyanya, hata kile kilichovunjika kilipata mtu. Ilikuwa mara ya kwanza Wanzagi kuuza kitu kwa kusema ukweli, na ilikuwa hasara tupu. Nauli ya kurudi Musoma ilipatikana, na hindi moja la kuchoma.

Alikuwa ameshakunja gunia yule mama aliporudi, mbio, kitenge kikimvuka.

"Mwanangu, Alhamisi nyingine utakuja navyo? Jirani yangu na yeye anataka."

Wanzagi alitaka kusema hapana. Alitafuna hindi lake, akatazama barabara.

"Taa za rangi gani?" akauliza.