Jedwali la Saba kwa Kipaza Sauti

Jumatatu, 2 Septemba
Siku nne tu. Ijumaa mkaguzi wa elimu, Bi Consolacion, anakuja kuwapima mabinti zangu jedwali la kuzidisha la saba. Mke wangu Rosenda keshatoa hukumu: mmoja akifeli, wote wawili wanarudi shule. Shule! Nilikowatoa mwenyewe mwezi wa sita baada ya kupiga hesabu. Watoto arobaini na wanane, kipindi dakika hamsini: kila mtoto anapata sekunde sitini na mbili na nusu za mwalimu. Mimi duka langu la maji ya kunywa nililianza na dumu moja na baiskeli ya kuazima. Nishindwe na jedwali?

Leo nimewapima namna zao za kujifunza. Maswali kumi na mawili, nimeyatunga mwenyewe. Marivel, miaka kumi, kapata tisa upande wa masikio. Huyu ni wa kusikia. Luz, miaka minane, hakutulia kitini hata swali moja. Huyu ni wa mwili. Marivel akadai yeye angependa tu aandikiwe kwenye karatasi, kisha aachwe kimya. Nikamwambia majibu hayabishaniwi, yameshajumlishwa.

Jumanne, 3 Septemba
Kapita shemeji Felisa, dada yake Rosenda. Naye anamsomesha mwanawe nyumbani, na hakosi siku ya kunikumbusha. Kaleta jalada la kazi za mtoto, kaliweka juu ya mizani yangu ya dukani. Kilo nne na robo! Akauliza letu liko wapi. Gramu mia tisa. "Pole, shemeji," akasema, "pengine wa kwako wanajifunza kwa hewa." Rosenda akacheka. Mke wangu wa ndoa!

Nimekwenda kukodi mashine ya karaoke. Hapa mjini kwetu Jaro hakuna anayezaliwa wala kuzikwa bila karaoke, halafu hakuna aliyewahi kufikiria kuifundishia hesabu. Ni mimi tu.

Jumatano, 4 Septemba
Tumeanza saa kumi na moja alfajiri. Muziki ni wa wimbo wa mapenzi, maneno ni yangu: saba mara moja, saba. Wimbo ukiisha mashine inatoa alama yenyewe. Marivel kaanza na 71. Halafu 84. Kufika adhuhuri, 98! Kila alama nimeipiga picha na kuibandika jaladani. Picha arobaini na sita. Jalada sasa kilo moja na nusu. Felisa atajua.

Luz anabeba madumu matupu kutoka rafuni hadi mlangoni, jibu moja kila dumu. Kaangusha mawili na kuuliza kama Jumamosi ni mapumziko.

Mzee Porfirio, jirani wa ng'ambo ya uzio, kalalamika kuku wake wameacha kutaga. Nimemjibu kuku wake hawamo kwenye mtihani.

Alhamisi, 5 Septemba
99!! Rosenda akauliza kutoka jikoni, saba mara sita ni ngapi. Marivel akamwomba asubiri kwanza kiitikio kipite. Nikamwonya Rosenda asimkate mtoto pumzi.

Marivel kaniambia siri: ukilivuta neno la mwisho kwa nguvu, mashine inakupa tisini na kitu hata ukiimba jina la paka. Nimeiandika jaladani chini ya "Utafiti".

Ijumaa, 6 Septemba
Aibu.

Bi Consolacion kafika saa tatu. Kafungua jalada, kauliza hizo 99 katoa nani. Nikasema mashine, na mashine haina upendeleo. Akamuuliza Marivel saba mara nane. Marivel akaomba kipaza sauti. Akanyimwa. Akaanza mwanzo wa wimbo, akafika saba mara sita, akaimba "arobaini naaaa", akavuta, akavuta, macho ukutani pale zinapotokea alama. Hazikutokea.

Kutoka ng'ambo ya uzio, mzee Porfirio: "Hamsini na sita! Mwambieni huyo mtoto ni hamsini na sita, nasi tupumzike!" Muuza mikate aliyekuwa akipita na baiskeli akaongeza kuwa saba mara tisa ni sitini na tatu.

Luz akajibu yote kumi na mawili bila kukwama. Akaulizwa kajifunzia wapi. "Kitandani," akasema, "huku nimejiziba masikio kwa mto, na bado namsikia dada." Kushika mto! Mwili! Nilijua!

Basi Bi Consolacion akamwandikia Marivel maswali kwenye karatasi, akatuambia sote tufunge midomo. Marivel kapata tisa kati ya kumi na mbili. Zilitakiwa kumi. "Si nilikuambia, Baba," akasema, akaenda zake nje.

Jumapili, 8 Septemba
Sare mbili zimenyooshwa, zinaning'inia mlangoni. Rosenda anasema nami kupitia Luz tu. Felisa kaleta keki ya pole, kubwa kupita kiasi. Nikamwambia Marivel asikate tamaa. Kajibu hajakata: sekunde sitini na mbili za kimya zitamtosha.

Lakini mimi ni mtu wa takwimu. Mchana nimezunguka mtaa mzima na swali moja, saba mara nane. Watu thelathini na wawili. Thelathini na mmoja wamejibu sawasawa, wengine kwa hasira. Aliyekosa ni mmoja tu, naye ni Marivel wangu. Asilimia tisini na saba! Shule gani ina matokeo hayo?

Kwa hiyo njia haina kosa. Kosa ni upande nilioelekeza spika. Nimeongeza mwezi mzima wa kukodi. Kesho saa mbili kamili, wakishakaa darasani, jedwali la nane. Kutoka kwangu hadi madirisha ya shule yao ni mita mia mbili na kumi. Nimepima.