Ombi la Kila Mtu Kurudishiwa Kutu Yake

Igowole, Mufindi
Jumamosi, 6 Machi 1976

Ndugu Afisa Kilimo wa Mkoa,
Iringa.

Mimi ni Severina, binti wa Mzee Marcelino. Nilimaliza darasa la saba mwaka jana. Mbele za watu sauti hunipotea, ndiyo maana naandika.

Kijiji chetu kimepata nafasi moja ya kozi ya kilimo. Kamati iliamua aende mtoto wa mwenye shamba la mahindi lisilo na doa. Hadi mwezi wa pili shamba hilo lilikuwa letu, na sanduku langu nilikwisha kulifunga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Shamba wetu, Ndugu Liberatus, alitangaza kwamba mahindi yameingiwa na ugonjwa wa kutu. Akasema majani yenye madoa yachumwe, atakuja kuyaona. Kisha pikipiki yake ikaharibika wiki tatu.

2. Mgeni hapokelewi jalalani. Basi majani ya kijiji kizima, matenga kumi na manne, yakaletwa yamsubiri katika shamba safi kuliko yote, yaani letu. Yalitandazwa vizuri katikati ya mistari.

3. Sasa mahindi yetu yana vipele, na ukipita humo gauni linakuwa rangi ya tofali. Wenzangu kisimani wananiuliza, "We Severina, mahindi yenu hayakuchanjwa surua?"

4. Mzee Kasian, ambaye shamba lake ndilo lililougua zaidi, alichuma majani yote. Mahindi yamebaki fimbo. Kamati ilikagua, haikuona doa, ikaandika jina la mwanawe Edmund. Edmund huyo ngano anaita nyasi.

5. Shamba lisilo na majani lisiitwe safi. Kibogoyo hasifiwi kwa kukosa jino bovu.

6. Kwa hiyo naomba kila kaya ije na tenga lake ichukue kutu yake. Sisi tulipokea majani tu, ugonjwa hatukuupokea.

7. Ikiwa haiwezekani kutenganisha kutu ya mtu na ya jirani yake, basi igawiwe sawasawa kijiji kizima. Hiki ni kijiji cha ujamaa, haifai kaya moja kujilimbikizia.

Nawasalimu wote hapo ofisini, pamoja na anayepiga chapa na anayechemsha chai.

Ni mimi mkulima mwenzenu, ambaye sanduku lake bado limefungwa,
Severina Marcelino

N.B. Dhamiri inanisumbua. Wazo la matenga lilikuwa langu, na aliyeyatandaza majani ni mimi, ili Bwana Shamba aone tulivyowazidi wenzetu. Baba hajui.

Barua hii inaletwa na shangazi Rozalia wa Kihesa, hapo hapo Iringa. Nimempa na kifurushi cha majani yenye kutu, muyaone wenyewe. Kwa kuwa ofisi hufunguliwa Jumatatu, nimemwomba asiyaache yakaozea kwenye mfuko. Kesho atayatandaza katikati ya mahindi yake, ambayo anasema hayana hata doa moja.