Koti Moja, Somo Nusu

Leo nimeaibishwa na samaki, jamani. Sina hamu.

Mnanijua: nauza makoti ya mitumba soko la Pasua, na sijawahi kukubali bei ya kwanza. (Hata sadaka huwa naifikiria.) Jumapili iliyopita, mezani kwa wakwe Kilema, mdomo ukaniponza: "Mama, Jumamosi nakuletea samaki wa mtoni, trauti. Mkubwa. Namvua mwenyewe."

Mama mkwe akanitazama. "Wewe wa makoti?"

Kisha akaalika majirani. Saba. Nimewahesabu mara mbili.

Basi leo asubuhi nikapanda kwa Mzee Aloisi, aliyekuwa akiwafundisha watalii kuvua samaki huko juu karibu na msitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Masomo ni mawili. La kwanza, kurusha chambo. La pili, kumtoa samaki mkubwa majini. Kila somo koti moja la mvua."

"Nipe la kwanza tu, mzee. Kumtoa nitajua mwenyewe."

"Sawa."

(Hakubishana. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.)

Chambo chenyewe ni manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoano yakajifanya samaki mdogo. Wenyewe wanakiita strima. Unakirusha kwa fimbo ndefu, kisha unavuta uzi kwa mkono, vuta-acha, vuta-acha, kionekane kinakimbia. Trauti akishakuwa mkubwa hahangaiki na vidudu; anakula wadogo zake. Kama wafanyabiashara wa jumla.

Nikarusha mara sitini na moja. Nilinasa mgomba mara tisa, kofia yangu mwenyewe mara mbili. Mkono ukafa ganzi. Maji ya mlimani yakaingia buti la kushoto, yakahamia la kulia. Kwa uchovu nikamsimulia mzee yote: mama mkwe, majirani saba, sufuria la ndizi lililokwisha kuinjikwa. Akaitikia kwa kichwa tu.

Mara ya sitini na mbili, uzi ukakaza. Trauti akaruka juu, mrefu kama mkono wangu!

"Mzee! Nifanyeje?"

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amekunja mikono. "Hilo ni somo la pili."

"Nakupa koti!"

"Hiyo ilikuwa bei ya asubuhi."

"Mawili!"

Akatazama mawingu. Fimbo ikapinda. Nikateleza, nikakaa mtoni, maji mpaka kifuani.

"Mzee, chukua chochote!"

(Miaka kumi na minne sokoni. Neno hilo sijawahi kulitamka.)

Akashuka taratibu, akapokea fimbo. Akamwachia samaki akimbie, akamrudisha, akamwachia tena, mpaka samaki alipochoka, akamkinga kwa wavu. Akamtazama trauti. Akanitazama mimi.

"Nimechukua," akasema. Akaondoka naye.

Nikateremka Kilema nimelowa chapachapa, uongo nimeshaupanga. Mlangoni nikaanza, "Mama, leo samaki hawali kabisa..."

"Hawali? Mbona Mzee Aloisi ameniletea mkubwa hapa, akiwa bado anarukaruka? Nimempa bei aliyotaja, sikumwomba apunguze. Mtu mwenye adabu yule! Pita ndani, mkwe, usije ukapata homa."

Majirani wote saba wakanigeukia, wanatafuna.

Nilipewa mkia. Nikaula.

Tafadhali msicheke. Na Jumatatu mkija kwenye meza yangu, msiniambie "nipunguzie." Leo nimepunguza somo moja, nikabaki na mkia.