Mteja wa Almasi wa Nyumba 704

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo ndiyo leo. Byeolmaru, kituo changu cha mauzo kwenye runinga, wametuma mialiko ya Siku ya Urembo. Wateja mia moja tu nchi nzima, wale waaminifu wa daraja la Almasi. Hoteli kubwa, Seoul. Unapambwa uso na mafundi wa vipodozi wa runinga wenyewe, unakula, unaondoka na mfuko wa zawadi. Mtangazaji Bi Ban alitangaza asubuhi kwamba bahasha ziko njiani. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nina hakika.

Nani mwaminifu kama mimi? Miaka mitatu! Krimu ya ute wa konokono, makopo kumi na mawili kwa mkupuo. Barakoa za kulainisha uso, mia kwa boksi. Kidude cha kukaza kidevu. Sijawahi kurudisha kitu, hata kile kidude, ambacho kilinitetemesha meno mpaka ya nyuma.

Nimeshuka mara nne kwa mlinzi wa jengo, Bwana Pyo, kuulizia barua. Mara ya nne akaniambia, Mama Hye-rim, kama ni posa ikifika nitakupandishia mwenyewe. Mpuuzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Mwaliko umefika. Bahasha ya rangi ya dhahabu. Umefika nyumba 704, kwa jirani yangu Mama Tae-ung!

Acha nieleze, nisije nikaonekana chizi mbele ya daftari langu mwenyewe. Baba Hye-rim amestaafu forodha, lakini macho hayajastaafu. Boksi moja tu mlangoni, maswali kumi. Kwa hiyo tangu mwanzo naagiza kwa jina la Mama Tae-ung, kwa namba ya simu yake. Mzigo unapelekwa kwake, mimi namtumia hela, tunagawana: sehemu tatu zangu, moja yake kwa wema wake wa kutunza siri. Nilijiona mjanja! Kumbe uaminifu wangu wote umeandikwa kwa jina lake. Kuku wangu, mayai yake.

Nimempigia simu. Akajitia hamnazo. Eti hata yeye ameshangaa. Eti labda kuna mtu amewasimulia jinsi ngozi yake ilivyo nyororo. Ngozi ile nimeilisha mimi!

Nimelia kidogo jikoni. Nayaandika haya kwa kuwa hapa hasomi mtu. Tangu harusi ya Hye-rim, mwaka wa sita huu, sijapata bahasha yenye jina langu isipokuwa ile ya bima na ile ya kuitwa nikapimwe tumbo. Nilitaka kualikwa mahali. Mimi, kwa jina langu. Basi.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango wa kwanza: ukweli. Nimewapigia Byeolmaru nikaeleza yote. Msichana wa huduma alianza kwa kuniita mteja wetu mpendwa. Akaniuliza jina, akatafuta, hakuniona. Upendo ukaishia hapo. Alisema nikitaka kudai nipeleke karatasi za benki zilizosainiwa na wenye akaunti wote wawili. Wa pili ni Baba Hye-rim! Nikamwambia asante, nikakata.

Mpango wa pili: kimchi, achari yangu ya mboga. Nimempelekea Mama Tae-ung ndoo nzima, ile ya figili anayoililia kila mwaka. Nikamwomba kwa upole augue siku ya Jumamosi. Mafua tu, sikutaka makubwa. Akanijibu kwamba hajawahi kujisikia mzima kama wiki hii. Kimchi kaichukua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ushindi!

Mwaliko unaruhusu mwenzi mmoja. Mama Tae-ung alikuwa amemwahidi wifi yake. Nikapanda 704 nikiwa na uso wa msiba. Nikamuuliza kama anajua kwamba Almasi huitwa jukwaani, mubashara, wakaulizwa kuhusu bidhaa. Hakujua. Nikamuuliza kipi kinatangulia usoni, maji ya mchele au matone ya kolajeni. Akajishika shavu. Nikasema pole, mwenzangu, nchi nzima itakuwa inakutazama. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kazi yake, leo nimemfanyia mimi.

Jioni akapiga simu mwenyewe. Wifi kaachwa, naenda mimi! Masharti mawili: nibebe mifuko, nifunge mdomo.

Baba Hye-rim nimemwambia kwamba Jumamosi nina harusi Seoul, kwa kina Yang. Akauliza Yang yupi. Nikasema wote.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika kwenye treni.

Mlangoni Mama Tae-ung alivishwa beji yenye almasi kubwa. Yangu imeandikwa Mwenzi. Basi, hakuna jina. Nikabeba mifuko.

Fundi alikuwa amenimaliza nusu ya uso, ya kushoto, jukwaa lilipowaka. Bi Ban akamwita Mama Tae-ung: mteja mwaminifu kuliko wote wa mkoa wetu! Makofi. Akamuuliza krimu ya konokono huipaka vipi. Mama Tae-ung akamwangalia Bi Ban, akaangalia kopo, akasema:

“Asubuhi... kwenye visigino.”

Visigino! Makopo yangu! Tabasamu la Bi Ban likaganda. Mimi nikajikuta nimesimama, nusu ya uso Seoul, nusu ya uso nyumbani. Nikasema hapana, dada, kwanza maji ya mchele, halafu matone, konokono wa mwisho, unapiga-piga, husugui. Wakati wa baridi mara mbili. Shingo usiisahau, shingo ndiyo inayotoa siri ya umri. Watu wakaanza kuandika! Bi Ban akaniletea kipaza sauti, akaniuliza mama, kwani wewe ni nani?

“Almasi ni mimi!” nikasema. “Huyu ni jina tu! Miaka mitatu naagiza kupitia kwake, mume wangu asijue!”

Ukumbi mzima ukacheka, ukapiga makofi. Watu mia mbili, kwa ajili yangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ilidumu kama dakika moja. Ndipo nikaiona taa nyekundu ya kamera.

Bi Ban mwenyewe alinipa fomu. Nijaze jina langu na anwani yangu, wataniingiza moja kwa moja daraja la Dhahabu. Nikiagiza mara tatu kabla ya mwaka kuisha, mwaliko ujao, wa Aprili, ni wangu. Mama Tae-ung kaniachia mifuko yote. Kakaa behewa jingine.

Jumapili, 20 Oktoba

Baba Hye-rim alikuwa kwa kinyozi jana. Runinga ya kinyozi haizimwi. Nilipofungua mlango aliniuliza harusi ya kina Yang ilikuwaje, na kwa nini walinipamba nusu uso.

Leo asubuhi nikategemea kelele. Hapakuwa na kelele. Kumbe anajua tangu mwaka wa kwanza! Ameshamsaidia Bwana Pyo kupandisha maboksi nyumba 704, kisha akaniona nikiyashusha kwa ngazi kama mwizi. Barakoa aliziona kwenye friji la kimchi, chini ya kabichi. Nikamuuliza mbona hukusema?

“Ulikuwa unafurahia kujificha,” akasema. “Mimi nani nikuharibie?”

Akasema niagize kwa jina langu, boksi lije mlangoni kwetu, atanifungulia mwenyewe kwa kisu. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, hajawahi kuniambia neno tamu kama hilo. Nimejaza fomu mbele yake. Nimeibandika kwenye friji, niitume kesho.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa nne asubuhi, Byeolmaru. Krimu mpya ya mzizi wa ginseng nyekundu! Makopo kumi na nane, na sufuria juu yake bure! Saa ya kwenye kioo inarudi nyuma, yamebaki mafungu mia mbili, mia na hamsini... Baba Hye-rim yuko mlimani na wenzake. Nikapiga.

Msichana akauliza, kwa jina la nani?

Nikafikiri haraka. Mume mwenye kisu atayahesabu makopo. Na mume aliyeijua siri yako moja anastahili kutafutiwa nyingine. Mama Tae-ung hanisalimii hata kwenye lifti. Lakini yupo Mama So-dam, 302. Mpole, hana makuu, runinga hatazami. Nimeshampa msichana jina lake, na namba ya nyumba yake.

Mwaliko wa Aprili ukija, huyu ataniletea mwenyewe, kwa mikono miwili. Safari hii nimechagua mtu.