Ndoo Isiyomwagika

Jumapili, 3 Machi
Nimelazwa chali! Na nani? Na shemeji, kaka wa mke wangu, mwoka mikate! Mabega yote mawili chini, mwamuzi akapiga mkeka, kwisha habari. Klabu nzima ya mieleka inatazama.
Yote haya sababu ya kiti. Kwa mama mkwe kuna kiti kimoja tu cha maana, cha marehemu mzee, chenye mikono na mto. Shemeji amekikalia miaka nenda miaka rudi. Mimi hukalia kigoda. Mama mkwe alisema atakayeshinda, kiti ni chake. Goti lilimzuia kuja kutazama, akapiga simu kuuliza. Ulimi hauna mfupa. Nikamwambia nimeshinda mimi.

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji naye kamwambia kashinda yeye. Mama mkwe kasema amechoka na midomo yetu, Jumamosi tumpelekee picha.
Mungu si Athumani! Anayetunza albamu za klabu mtandaoni ni nani? Ni mimi, fundi cherehani. Kupanga picha kwa mapambano, kuandika majina, kutuma linki kwenye kundi: kazi ambayo hakuna aliyeitaka, nami nimeilalamikia tangu nilipopewa. Leo naipenda kwa moyo wote.
Nilitaka kuifuta tu ile picha ya mimi nimelazwa. Mke wangu akaniuliza nitamwonyesha mama yake nini, ukuta? Hana huruma, lakini ana akili.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Nimeipindua picha. Aliye juu sasa ni mimi! Shemeji yuko chini, anahema. Nikamkata mwamuzi, maana alionekana ametundikwa miguu. Nikakata watazamaji. Kipaji hiki kilikuwa kimejificha wapi? Nikahifadhi, nikatuma linki, nikalala fofofo.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Wakati wa kupindua nilikuwa nimechagua picha zote. Albamu nzima iko kichwa chini! Mabingwa wote wamegandamizwa. Kocha kauliza kama siku hizi nakunywa. Muuza magodoro, ambaye hajashindwa tangu azaliwe, anasema anakuja dukani kwangu. Nimefunga mapema.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao. Kocha alitaka nivuliwe albamu. Ikapigwa kura. Kumbe katika mashindano walioshindwa ndio wengi! Fundi bomba alisimama kunitetea kwa machozi. Picha yake ameshampelekea mchumba, na mchumba amelainika. Nimebaki kazini kwa kishindo. Kocha kaagiza nizirudishe picha zote zilivyokuwa.
Nimezirudisha zote, isipokuwa moja.

Jumamosi, 9 Machi
Kwa mama mkwe. Shemeji akaapa mbingu na ardhi kwamba picha imechezewa. Mimi nikakaa kitini bila kungoja hukumu. Mto ule! Mgongo wangu haujawahi kuheshimiwa hivyo.
Mama mkwe akavaa miwani, akaitazama simu weee. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, ile ndoo ya maji iliyo juu ya kichwa changu imefungwa na nini.
Nikatazama. Ndoo ya kusafishia mkeka! Imening'inia hewani kama popo, imejaa pomoni, wala haimwagi hata tone. Nikajibu kwamba siku ile kulikuwa na upepo.
Akaigeuza simu polepole. Shemeji akanisogezea kigoda kwa mguu. Mama mkwe akasema kushindwa si aibu, hata marehemu alilazwa chali mara nyingi, ila hakuwahi kumdanganya mtu kitini pale. Aibu ilinishika mpaka masikioni. Chai nimeinywa magoti yakigusa kidevu, na mke wangu akicheka mpaka akatoka nje.

Jumapili, 10 Machi
Nimejitafakari kwa dhati. Kosa langu nimeliona, na naliandika hapa nisije nikalirudia.
Pambano la marudiano ni mwezi ujao. Leo nimeinunulia klabu ndoo mpya kwa pesa yangu mwenyewe. Kocha kaguswa, kanipa mkono mbele ya wote, kasema mtu hubadilika.
Ndoo ina mfuniko.