Vita vya Dwomoh na Jedwali la Tarakimu Kumi

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, zimeni redio, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa Kumasi, pale Suame kwa mafundi, Jumamosi moja wakati wa chakula cha mchana, vita ambamo hakikumwagika kitu ila pilipili ya Maame Frema juu ya michoro. Nami sikuhadithiwa. Nilikuwa benchi la pili, na macho ninayo.

Alikuwako Yaw Dwomoh, simba wa nyaya, mtiisha chipu, bwana wa asembli, lugha ile ngumu ambayo kwayo mtu huiamrisha chipu hatua moja moja, kama anayemwelekeza mgeni njia kwa simu. Shujaa huyu alikuwa ameliundia kanisa ubao wa taa wa kuonyesha namba ya wimbo. Ndani ya chipu alijenga jedwali la tarakimu kumi, kila tarakimu na mpangilio wake wa taa, ili chipu isijisumbue kukokotoa: ikitaka tano, huhesabu hatua tano ndani ya jedwali, huchukua jibu, ikaenda zake.

Uzinduzi ulikuwa kesho yake, Jumapili ya mavuno, mbele ya waumini mia nne. Na Maame Frema, malkia wa karakana, alikwisha toa hukumu.

"Dwomoh, ubao huu ukiniaibisha kesho, chipu unaiweka chini. Unarudi kwenye pasi."

Miaka sita Dwomoh alitengeneza pasi za watu kabla ya kukabidhiwa chipu.

Saa nane akabonyeza 145. Ubao ukawaka 145. Akabonyeza 632, ukawaka. Ndipo, kwa kiburi cha mashujaa wote, akabonyeza 178. Ubao ukawasha moja, ulipofika saba ukazimika, ukajiwasha upya, ukazimika tena.

"Ewe Saba, msaliti wa tarakimu!" akanguruma Dwomoh, bisibisi juu. "Sikukujengea nyumba kama wenzako? Sikukupa taa zako tatu bila kukupunja? Leo wanigeuka mbele ya adui zangu?"

"Kaa chini, haikusikii," akasema Maame Frema, akimega kenkey, donge lake la unga wa mahindi. "Jumatano saba ilikuwa inawaka, si ndiyo?"

"Ilikuwa inawaka, Maame."

"Tangu Jumatano umegusa nini?"

Nami hapa lazima nimtaje Nana Twumasi, mzee wa mji na mfadhili wa ubao, mtu mwenye vyeo vingi kuliko meno. Yeye aliamuru jina lake na vyeo vyake vyote viandikwe ndani ya chipu, mbele ya kila kitu, mahali ambapo hakuna jicho litakaloviona hadi kiama. Na Alhamisi, chuo fulani ambacho hakuna ajuaye kilipo kilimtunuku udaktari wa heshima. Hata joho hajavua, akapiga simu: uongezwe. Dwomoh akauongeza, na kila herufi ikachukua chumba chake katika kumbukumbu ya chipu, ikalisukuma jedwali nyuma zaidi.

Sasa, chipu ile vyumba vyake vimepangwa kwa mitaa ya vyumba mia mbili hamsini na sita. Anayehesabu hatua akifika mwisho wa mtaa havuki kwenda mtaa wa pili. Hurudishwa mlango wa kwanza, na hapo ndipo programu nzima huanzia. Dwomoh akachukua penseli, akahesabu vyumba nyuma ya kalenda, jasho likimtiririka. Saba, Nane na Tisa zilikuwa zimetupwa ng'ambo, mtaa wa pili.

"Maame, ni udaktari."

"Udaktari gani?"

"Wa Nana. Umelikata jedwali letu."

Maame Frema alicheka hadi akapaliwa na samaki. "Ufute basi."

"Niufute? Nana atanimaliza."

"Basi mhamishe. Jedwali likae mbele, yeye akae nyuma."

Oneni basi tendo lenyewe! Akaikata mistari ya vyeo, yote, akaibandika chini kabisa ya jedwali, akaipakia programu kwenye chipu. Akabonyeza 178. Ikawaka. Akabonyeza 789. Ikawaka, na mimi mtu mzima nilipiga makofi.

Kabla makofi hayajaisha, Nana mwenyewe akaingia, kitambaa kikubwa cha heshima begani.

"Jina langu liko mbele, sivyo?"

Uongo ulikuwa rahisi. Dwomoh akatazama chini, kisha akamtazama usoni. "Liko nyuma, Nana. Likikaa mbele, ubao unapotea njia."

"Lirudishe."

"Nikilirudisha, saba haiwaki. Kesho ni wimbo gani?"

Nana akakohoa. "Mia moja sabini na nane. Nimeuchagua mwenyewe."

Maame Frema hakutafuna. Nana akauzunguka ubao mara mbili, kana kwamba angeweza kuuona ule mwisho alikowekwa.

"Nyuma kabisa?"

"Kabisa, Nana."

"Na kuna atakayejua?"

"Mungu tu," akasema Maame Frema.

"Basi liacheni huko."

Jumapili 178 iliwaka, watu mia nne wakaimba wimbo mmoja kwa pamoja, na Dwomoh chipu yake hakunyang'anywa. Wenye kalamu na waandike kwa wino usiofutika: ndiyo siku pekee katika historia ya mji wetu ambapo mkubwa alikubali kukaa nyuma, na kazi ikaenda.