Nyuki wa Wifi Zuura

Jumatatu, 9 Juni

Maua ya nyanya yamepukutika tena. Banda zima la nailoni, maua chini kama makombo ya mkate. Sielewi. Nimeziba kila tundu kwa mikono yangu, hata nzi hapiti. Ng'ambo ya uzio, kwa wifi Zuura, nyanya zimesongamana kama shanga. Maji ni yale yale ya mlimani, mfereji mmoja. Mbegu alinipa yeye. Hapo ndipo penye jambo.

Nimemwambia Ishenbek kwamba dada yake amenipa mbegu tasa. Akageuza ukurasa wa gazeti, akasema hapa Karakol, kwa baridi hii ya milima, nyanya za kila mtu hukawia. Sijui ni mume huyu au wakili wa dada yake.

La kuudhi zaidi: mama mkwe hanywi chai kwangu tena. Anaishi kwetu, maana Ishenbek ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu wazazi hukaa kwake. Lakini kila asubuhi anabeba kiti chake na bakuli lake la chai, huyoo, kwa binti yake. Majirani wanaona. Watasema namnyima chai.

Jumanne, 10 Juni

Nimepanda mtufaha kuchungulia. Mama mkwe ameketi mbele ya kuni za Zuura, anaongea na zulia bovu lililotupwa juu ya kuni hizo. Anaongea na kutabasamu! Mimi hanitabasamii hivyo.

Kisha nikaona. Kutoka kwenye zulia wanatoka nyuki. Si wale wa asali. Wanene, wenye manyoya, mkanda wa njano, makalio meupe. Wanaingia moja kwa moja kwenye banda la Zuura, mlango wazi, wanalikumbatia ua la nyanya na kulitikisa mpaka linavuma. Kumbe mwenzangu ana vibarua!

Hudihudi akatua kwenye tawi la juu yangu, akasimamisha kishungi, akaanza kupiga kelele. Zuura akatazama juu. Akauliza kwa upole kama niletewe ngazi. Nikajibu nakagua wadudu. Akasema mwaka huu ni wengi, alhamdulillahi. Ule upole ndio unaonitia wasiwasi. Na yule ndege pia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamua. Zulia litahamia kwangu. Ishenbek amesema nisithubutu. Nimemwambia sawa. Gunia liko tayari chini ya kitanda.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa jicho moja.

Nilivuka alfajiri kupitia pengo la uzio. Pengoni alikuwapo kalunguyeye. Alijiviringisha, nikamkalia. Kwa nini alale pale pale, kama si kuwekwa? Nikauma kilemba, nisipige kelele. Zulia nikalitia guniani, gunia likanguruma. Nyuki wakapenya kwenye mshono. Mdomo, sikio, kope. Nilikimbia mpaka bandani, nikalitupa katikati ya nyanya na kufunga mlango.

Kugeuka, mama mkwe huyu hapa na kiti chake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kalipa, mwanangu," akasema, "hilo zulia nililishona nikiwa bibi harusi. Panya wakalitoboa, Zuura akalitupa. Sasa limepata wenyewe."

Nikamwambia nilitaka wawe wetu.

"Wataingiaje? Kwako kila kitu kimefungwa. Hata wewe umejifunga, mama. Nikikaa na chai yangu unanitazama kama mwizi wa sukari."

Nililia kidogo. Ni ule mdomo, ulikuwa unawaka.

Waliokuwa nje wakati wa wizi walizunguka juu ya kuni mchana kutwa, wakitafuta kwao. Zuura alisimama pale akiwaangalia. Sikuweza kula. Jioni, walipotulia, Ishenbek alijifunika koti kichwani tukalirudisha. Zuura akanipaka maziwa ya mgando usoni. Mkono wake ni mwepesi. Sikujua.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefungua mlango wa banda. Nyuki wanaingia bila hata kubisha. Nyanya zimeanza, ndogo kama njegere. Mama mkwe amekunywa chai kwangu, bakuli zima, akanionyesha jinsi kalunguyeye anavyotafuna konokono. Nilifurahi mpaka nikamwongezea jamu.

Kisha Zuura akaja na miche ya maua ya buluu. Akasema nyuki wanayapenda sana, niipande kando ya uzio kwenye jua. Nilimshukuru. Nilikuwa nimemwamini kabisa.

Usiku sikulala. Kwa nini kando ya uzio?

Jumanne, 24 Juni

Nimeipanda nyuma ya choo cha uani. Kivulini, mbali kabisa na upande wake. Hanipati.

Jumapili, 20 Julai

Maua yamechanua hata hapo. Nyuki wamejaa tele, na vipepeo, na chura mmoja mkubwa asiyejali kitu. Mama mkwe aliuliza yako wapi, nikasema nimeyahifadhi. Alikwenda kuangalia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Leo amehamishia kiti chake huko. Zuura naye ameleta chake, na birika, na mkate wa moto. Wameketi nyuma ya choo changu tangu asubuhi, wananiita na mimi niende. Wamenitengea hata mto wa kukalia.

Mto! Siendi. Nimesimama chooni, sikio ukutani. Wanazungumzia vipepeo tu. Vipepeo, vipepeo, saa nzima.

Ni wajanja, hawa.